Yasmini Hakukimbia

Mwalimu Devotha alikuta mlango uko wazi, akapiga hodi hata hivyo. Arobaini ya Yasmini ilikuwa imeshasomwa, maturubai yamerudishwa kwa wenyewe, ndugu wa Vudee wamepanda gari kurudi mlimani, na nyumba ya Abdulmalik ilikuwa imebaki na ule ukimya unaowafanya wageni waongee kwa sauti ya chini. Safia alikuwa uani akichambua tangawizi ya kupeleka sokoni. Mumewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, hafanyi kitu.

"Karibu, Mwalimu. Salha ameharibu nini tena?" Safia aliuliza, akijifuta mikono kwenye kanga.

"Hajaharibu, mama. Ameandika."

Mwalimu Devotha alikuwa akimfundisha Salha, mtoto wao mkubwa, Kiswahili cha kidato cha pili. Alieleza kwamba alikuwa ametoa zoezi la utungaji kuhusu mazingira, na wenzake wote wakaandika juu ya kupanda miti. Salha yeye alileta ubeti mmoja tu. Mwalimu alimpa Abdulmalik ile karatasi, naye akaisoma huku midomo ikicheza.

*Uliamka mapema, viatu ukavifuta,*
*Hukumaliza kusema, mlango ukaupita,*
*Lori halikusimama, na wala halikusita,*
*Tuliomba tangu nyuma, hatukupewa matuta.*

Abdulmalik aliisoma tena, kisha akampa mkewe. Safia hakuipokea.

"Niambieni tu mnachotaka," alisema.

Mwalimu alikohoa kidogo. Kulikuwa na umoja wa wadau wa usalama barabarani hapo mjini Same, akasema, na ulikuwa unaandaa wiki ya uhamasishaji. Walitaka bango la kubandika shuleni na vituoni. Walikuwa wamechoka na yale ya kompyuta yanayofanana yote. Safari hii walitaka lichorwe kwa mkono, litokane na shairi la mwanafunzi. Walilisoma la Salha wakalichagua. Tena mchoraji walikuwa naye hapahapa.

Hilo lilikuwa kweli. Kabla mashine za Moshi hazijaanza kutoa mabango ya plastiki, nusu ya maduka ya Same yalikuwa na mkono wa Abdulmalik usoni. Vinyozi, wauza simu, mabucha, hata kile kichwa cha ng'ombe kinachocheka pale njia ya kwenda sokoni, ni yeye.

"Mwalimu," Safia alisema, "unamtaka baba achore kifo cha mwanawe?"

"Ningekuwa mimi ningekataa, mama, sikufichi. Ila wamesema bango likitoka vizuri, barua ya kuomba matuta ya barabarani pale shule ya msingi itaenda mkoani pamoja nalo."

Abdulmalik alinyanyua uso. Salha alikuwa bado anavuka barabara ileile kila asubuhi kwenda shule, na watoto wa jirani, na mamia ya wengine.

"Nitachora," alisema.

*

Alianza kwa kwenda barabarani. Alichuchumaa kwenye kokoto za pembeni, upande wa shule ya msingi, akasubiri malori yanayobeba jasi, ule udongo mweupe, kutoka Makanya. Upepo wa Same ulimjaza vumbi machoni. Dereva mmoja wa bodaboda alimpigia kelele, "Mzee Maliki, utagongwa!" wengine wakatazamana na kutikisa kichwa, wakidhani msiba umemfika akilini. Abdulmalik alizidi kuinama. Alitaka kujua mtoto wa darasa la tatu anaona nini. Akagundua kwamba mtoto haoni lori. Anaona bampa, taa mbili, na giza lililo chini ya injini.

Hicho ndicho alichokichora. Alitandika karatasi ya manila juu ya meza ya chakula, akachora kwa penseli, akafuta, akachora tena. Barabara ilishuka kutoka juu ya karatasi ikizidi kupanuka, na juu yake ule uso wa lori, mkubwa kiasi kwamba haukuenea, pembe zake zikakatwa na kingo za karatasi. Chini kabisa alisimama mtoto wa kike, mgongo kwetu, begi mgongoni, mkono mmoja ameuinua kama wanavyofundishwa. Katikati ya mtoto na lori, alikoacha lami tupu, aliandika mstari wa mwisho wa shairi. Hakuuandika umenyooka. Aliyakunja maneno, yakapanda na kushuka, *Tuliomba tangu nyuma* tuta la kwanza, *hatukupewa matuta* tuta la pili.

Salha alikuwa akisimama nyuma ya bega lake kila akirudi shule. "Baba, taa ziwake," alisema siku moja. "Alikuwa amewasha taa." Siku nyingine akasema, "Mkono wake ulikuwa juu zaidi ya hapo." Yeye alikuwepo. Alikuwa nyuma ya mdogo wake hatua chache tu, akizungumza na mwenzake. Gari dogo lilikuwa limesimama kumpisha Yasmini, Yasmini akainua mkono na kuanza kuvuka, na lori likalipita lile gari dogo kwa kulia. Hayo aliyasema polisi siku ileile, akiwa bado na damu kwenye sketi, na hakuwahi kuyabadilisha.

Safia alipita karibu na ile meza mara nyingi bila kugeuza shingo. Rangi zilipokauka ndipo aliposimama. Alitazama muda mrefu. Abdulmalik alibaki ameshika brashi kama mwanafunzi anayesubiri kusahihishwa.

"Viatu," Safia alisema hatimaye. "Umemchorea vya kifungo. Vyake vilikuwa vya kamba."

Akarekebisha. Usiku huo Safia alipika makande, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wote watatu walikula kwenye sinia moja.

*

Kamati ilikutana kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni, mbele ya kila mjumbe chupa ya maji. Katibu wa umoja, Bwana Vitus, alikuwa mtu mchangamfu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alilikunjua bango, akalisimamisha ukutani, akarudi nyuma.

"Maliki, wewe ni msanii!" alisema. "Jamani, si msanii huyu?"

Walipiga makofi. Mwalimu Devotha aliyekaa karibu na mlango alitabasamu. Aliyekaa kando ya katibu, bwana mmoja mwenye shati la mikono mifupi na miwani, hakupiga. Vitus alimtambulisha: Bwana Anderson, afisa wa kampuni ya usafirishaji, ambayo imekubali kulipia uchapaji wote.

Abdulmalik alimjua. Lori lililomuua Yasmini lilikuwa la kampuni hiyo. Bwana Anderson alikuja msibani, akakaa kwenye mkeka kama watu wengine, akaacha bahasha.

"Pole sana, mzee wangu," Anderson alisema. "Kazi ni nzuri. Mimi nina wasiwasi mdogo tu. Lori lenye vumbi jeupe namna hii, hapa Same watu watasema ni la nani? Na kesi ya dereva bado iko mahakamani. Si vizuri bango likaonekana limeshahukumu."

"Weka gari dogo," Vitus alisema haraka. "Ujumbe ni uleule."

"Gari dogo lilisimama," Abdulmalik alisema.

Vitus aligeukia maandishi. "Halafu maneno haya. Hatukupewa. Nani hakutoa? Unaona? Tunapeleka barua ya kuomba, na papo hapo tunalaumu. Utaomba kitu kwa mtu huku unamtukana?"

"Ni maneno ya shairi."

"Shairi ni shairi, bango ni bango. Shairi limetupa msukumo, inatosha. Mwalimu, au vipi?"

Mwalimu Devotha alitazama chupa yake ya maji. "Labda... labda ubeti unaweza kuandikwa pembeni, kwa maandishi madogo."

"Tutaona nafasi," Vitus alisema. Alimkabidhi Abdulmalik karatasi mpya ya manila, nyeupe. Alipokuwa akimsindikiza nje alimshika bega. "Maliki, mimi niko upande wako. Barua ya matuta iko mezani kwangu. Lakini barua bila bango, nani ataifungua?"

*

Bango la pili lilikuwa na gari dogo la buluu na maneno aliyopewa na kamati: *Tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena.* Lilirudishwa. Safari hii Vitus hakuita kikao, alikuja mwenyewe na pikipiki, akasimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Tatizo ni mtoto," alisema. "Kasimama vizuri, kainua mkono, hana kosa. Sasa mwanafunzi akitazama atajifunza nini? Inabidi aonekane anafanya lile tunalokataza. Mchore anakimbia."

"Hakukimbia," Abdulmalik alisema.

"Maliki, huyu si Yasmini. Huyu ni mtoto yeyote. Yasmini wako hatumgusi."

"Nikikataa?"

"Watachapa la kompyuta, basi. Hakuna atakayekulaumu. Na mimi barua sitaweza kuisukuma peke yangu." Alitazama saa. "Wanataka kupeleka Moshi kesho kutwa."

Abdulmalik alikaa na karatasi ya tatu mpaka jua likaingia dirishani. Alishindwa kuchora miguu. Kila mtoto aliyemchora alikuwa amesimama, au anaanguka. Mwishowe alitoka nayo uani, akamwita Salha aliyekuwa anafua.

"Hebu kimbia hapo uani. Kutoka kwenye mpapai mpaka ukutani. Nataka nione miguu."

Salha alikausha mikono, akakimbia. Akarudi. "Tena," baba alisema, penseli ikitembea. Akakimbia tena. Mara ya tatu ndipo alipoiona karatasi, akasimama katikati ya uwanja.

"Baba, huyo nani?"

"Mtoto yeyote."

"Begi ni la Yasmini."

Abdulmalik alitazama, akaona kuwa ni kweli. Mkono wake ulikuwa umelichora bila kumuuliza.

"Baba, mimi nilisema polisi hakukimbia. Nilikuwepo."

"Najua mwanangu."

"Sasa unachora nini?"

"Nachora matuta!" alisema kwa ukali ambao hakuukusudia. "Nachora matuta, Salha. Wewe unavuka pale kila siku. Unataka niende kwa nani? Diwani nimekwenda. Wazazi tumesaini, tumeitwa, tumeambiwa bajeti. Huyu anayesema atapeleka barua ndiye pekee aliyebaki. Kimbia."

Safia alikuwa amerudi kutoka sokoni na gunia tupu begani. Alisimama kwenye kona ya nyumba akamwona binti yake akikimbia uani huku analia, na mumewe anachora. Aliliweka gunia chini taratibu, akaingia ndani.

*

Siku ya uzinduzi kulikuwa na maturubai, muziki, na fulana zenye jina la kampuni kifuani. Abdulmalik alikaa kwenye viti vya mbele na Safia, aliyekubali kuja kwa ajili ya Salha tu. Salha alikuwa amepangiwa kughani shairi.

Asubuhi Mwalimu Devotha alikuwa amempa karatasi iliyochapwa. Mistari miwili ya kwanza ilikuwa yake. Miwili ya mwisho ilihusu kutazama pande zote na kuwatii walimu.

"Mwalimu, hii siyo yangu," Salha alisema.

"Najua, mwanangu. Ghani tu. Niliwakatalia, wakaniambia basi watampa mwanafunzi mwingine." Macho ya mwalimu yalikuwa mekundu. "Nilidhani ni bora uwe wewe."

Salha alipanda jukwaani. Alighani mstari wa kwanza na wa pili kwa sauti iliyowafanya akina mama wanyamaze. Kisha akasimama na kipaza sauti mdomoni. Haikujulikana kama alikuwa anatafuta maneno yake au anayakataa ya wengine. Mshereheshaji alisubiri kidogo, akamnyang'anya kipaza sauti kwa upole, akasema, "Uchungu, ndugu zangu, mumpigie makofi!" na muziki ukawashwa.

Kitambaa kilivutwa. Bango lilikuwa limechapwa kubwa, rangi zimekolezwa kuliko alivyozipaka. Mtoto alikimbia, begi likiruka mgongoni. Juu yake, kwa herufi ambazo Abdulmalik hakuziandika: MTOTO, USIKIMBIE BARABARANI! Na chini, kwa maandishi madogo: *Kutokana na shairi la Salha Abdulmalik. Mchoraji: Abdulmalik, Same.*

Abdulmalik aliitwa kupokea cheti. Alikwenda, akakipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akapigwa picha. Aliporudi kwenye kiti chake, kiti cha Safia kilikuwa kitupu.

*

Bwana Anderson alikuja nyumbani Ijumaa, baada ya swala, na mfuko wa mchele na dumu dogo la mafuta. Safia alimkaribisha ndani akaviacha vile vitu pale pale mlangoni alipovitua.

"Tunataka mambo yaishe kwa wema," Anderson alisema. Sauti yake haikuwa mbaya. Alikuwa mtu wa kusikitika kwa kweli, mwenye watoto wake huko Mwanga, na kazi aliyotumwa hakuipenda. "Madai yenu ya fidia yamefika kwa watu wa bima. Wao wanauliza maswali. Wanasema mtoto alikuwa na mchango wake katika ajali."

"Mchango?" Safia alirudia, kana kwamba amesikia neno la lugha ngeni.

Anderson alifungua mkoba, akatoa bango lililokunjwa, akalitandaza mezani. Ilikuwa ile ile meza.

"Mwanasheria wetu ameomba nakala. Mzee wangu, huu si mkono wako?"

"Ni mkono wangu."

"Baba wa marehemu anachora mtoto anakimbia. Wanasema, kama baba mwenyewe..."

"Niliambiwa nichore hivyo! Wewe ulikuwepo kikaoni."

"Nilikuwepo lori lilipoondolewa. La mtoto mimi sikuwepo." Na hilo, kwa bahati mbaya, lilikuwa kweli.

Salha alitokea mlango wa chumbani. "Mimi niliona kwa macho. Gari dogo lilisimama. Lori likaovateki. Nimeandikisha polisi."

"Shikamoo hamna, binti?" Anderson alisema, akijaribu kutabasamu.

"Shikamoo. Hakukimbia."

"Marahaba. Mimi sikatai, mwanangu. Ila shairi lako wamelisoma pia, lile lenyewe la mwanzo. Hukumaliza kusema, mlango ukaupita. Wanasema huyo ni mtoto aliyetoka na haraka."

Salha alifungua mdomo. Kwa kweli Yasmini alikuwa ametoka mbio nyumbani asubuhi ile, akicheka, kwa sababu Salha alimwambia anayechelewa kufika kwenye mpapai atabeba ndoo jioni. Huo ulikuwa mpapai wa uani kwao, mbali na barabara. Alijua tofauti yake. Hakujua jinsi ya kumweleza mtu mwenye mkoba.

"Kuna kiasi wako tayari kutoa kama rambirambi, tukimalizana nje," Anderson alisema. "Si kikubwa. Fikirieni." Aliliacha bango mezani akaondoka.

Safia alilitazama tu. "Na matuta?" alimuuliza mumewe. "Matuta yako wapi?"

Abdulmalik alikuwa amempigia Vitus simu asubuhi ile. Barua ilikuwa imepelekwa, Vitus alisema. Imepokelewa. Walijibiwa kuwa kwa kuwa elimu imeshatolewa shuleni, suala la matuta litaangaliwa kulingana na mahitaji.

"Bado," alisema.

"Bado," Safia alirudia. Alikwenda uani kuanua nguo.

*

Jumatatu Abdulmalik alichukua kisu chake cha kukwangulia rangi za zamani akatoka. Bango lililokuwa kituo cha mabasi alilitoa, watu wakimtazama. La kwenye ukuta wa duka la dawa lilikuwa limegandishwa vizuri, likatoka vipande vipande, mguu wa mtoto ukabaki. Hakujua yako mangapi. Vitus alikuwa amesema mengine yamepelekwa mpaka Chome, huko milimani.

Kwenye shule ya msingi mlinzi alimruhusu, akidhani amekuja kwa mambo ya Yasmini. Bango alilikuta ndani ya darasa la kwanza, ubaoni, limeshikizwa kwa vibanio. Mwalimu kijana, mgeni, aliyeletwa muhula huo kutoka mkoa mwingine, alikuwa amelielekezea fimbo. Abdulmalik alisimama nje ya dirisha lisilo na kioo.

"Mtoto huyu anafanya nini?"

"Anakimbiaaa!"

"Alitazama kulia?"

"Hakutazamaaa!"

"Kushoto?"

"Hakutazamaaa!"

Mtoto mmoja wa dawati la mbele alinyoosha kidole. "Mwalimu, huyo ni Yasmini. Alikuwa darasa la tatu. Alikufa."

"Eeh, mnaona?" mwalimu alisema, akiinama kidogo ili wamsikie vizuri. "Alikufa kwa sababu gani?"

"Alikimbiaaa!"

Abdulmalik aliingia. Hakupiga hodi. Alikuwa na kisu mkononi na vipande vya karatasi vimemganda kwenye viganja, na kwa muda mfupi mwalimu yule aliogopa. Kisha akamtambua, alikuwa ameiona picha yake na cheti kwenye kundi la simu la walimu. Uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli.

"Jamani, wanafunzi, tumepata bahati! Mnamjua huyu? Huyu ndiye aliyetuchorea bango letu. Simameni."

Madawati yalikwaruza sakafu. Darasa zima lilisimama, vichwa vimenyolewa, kaptura na sketi za buluu, macho yote kwake. Abdulmalik alitazama bango, akatazama watoto. Alitaka kusema. Aliyatafuta maneno ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeyaelewa, kuhusu gari lililosimama na lori lililopita, na kuhusu mtu anayechora uongo kwa sababu ameahidiwa kitu cha kweli. Hakuyapata.

"Msalimieni mgeni," mwalimu alisema.

"Shikamoooo!"

Aliuficha mkono wenye kisu nyuma ya mgongo.

"Marahaba," alisema.